Ruzuku za korona kwa mashamba ya Marekani: kuisoma hesabu ya kaunti

Ukitazama jumla ya ruzuku za korona zilizoingia katika kaunti moja ya mashambani Marekani, unaona mamilioni ya dola na kudhani wakulima wote wa huko walipona. Wapo waliopona. Ila jumla haisemi ni akina nani, na jibu limejificha kwenye kanuni iliyotumika kugawa fedha.

Machi 2020 mikahawa na shule zilifungwa kwa mkupuo. Maziwa yakakosa pa kwenda, mengine yakamwagwa shambani. Mwezi uliofuata kiwanda kikubwa cha nyama ya nguruwe huko Sioux Falls, South Dakota, kilifungwa baada ya wafanyakazi kuambukizwa, huku nguruwe waliokwisha kukomaa wakibaki mabandani, wanakula tu. Mahindi nayo yalipigwa kwa mlango wa nyuma: watu walipoacha kuendesha magari, ethanoli, yaani kileo kinachochanganywa na petroli, ilidoda, na sehemu kubwa ya mahindi ya Marekani huishia kwenye ethanoli.

Wizara ya Kilimo ikaja na mpango uliojulikana kwa kifupi kama CFAP. Awamu ya kwanza ilitengewa dola bilioni 16 za malipo ya moja kwa moja. Ya pili, iliyotangazwa Septemba 2020, hadi bilioni 14. Fomu zilipokelewa na ofisi za FSA, wakala wa wizara hiyo wenye ofisi majimboni hadi ngazi ya kaunti.

Kwenye fomu, mkulima hakuulizwa anadaiwa kiasi gani benki. Aliulizwa ana nini. Chukua mfugaji wa ng'ombe wa nyama katika awamu ya pili: alichagua mwenyewe siku moja kati ya Aprili 16 na Agosti 31, akahesabu ng'ombe aliokuwa nao siku hiyo, akalipwa dola 55 kwa kila kichwa. Wa kuzalisha hawakuhesabiwa. Kwa hiyo mwenye majike 45 na ndama 40 alipata dola 2,200, ambazo kwa shamba la namna hiyo ni ahueni ndogo. Mwenye ng'ombe 4,500 wa kunenepesha, kwa kanuni ileile, alipata dola 247,500.

Hapo aligusa karibu na dari, kwani kikomo kilikuwa dola 250,000 kwa mtu katika kila awamu. Lakini kampuni yenye wanahisa watatu, kila mmoja akichangia angalau saa 400 za kazi au usimamizi, iliweza kufika dola 750,000. Ndiyo maana mashamba machache yanaweza kubeba sehemu kubwa ya jumla ya kaunti bila mtu yeyote kuvunja sheria. Binafsi naona huo ndio udhaifu mkuu wa mpango: ulifidia wingi wa mali, si uzito wa pigo.

Kundi lililoumia zaidi na kanuni hii ni wafugaji wa kuku wa mkataba. Banda ni lao, deni la banda ni lao, jasho ni lao. Kuku ni wa kampuni. Kampuni ilipochelewesha kuleta vifaranga, banda lilikaa tupu, na fomu iliyouliza umiliki haikuwa na nafasi yao. Mlango ulifunguliwa na sheria ya Desemba 2020, iliyoruhusu wafidiwe hadi asilimia 80 ya mapato waliyopoteza, na utekelezaji ukaangukia 2021.

Usichanganye pia CFAP na PPP, mikopo ya mishahara iliyopitia benki. Mkulima asiye na mwajiriwa aliweza kukopa hadi dola 20,833 na kusamehewa akitimiza masharti. Mkopo uliosamehewa haukutozwa kodi ya mapato ya serikali kuu. Malipo ya CFAP yalitozwa. Orodha inayojumlisha vyote viwili katika safu moja inachanganya fedha ambazo mkulima alibaki nazo zote na zile alizokatwa.