Mchicha au kabichi? Maswali ya kliniki ya wajawazito, na moja nililochoka kulijibu

Siku ya kliniki, benchi letu linajaa kabla ya saa mbili asubuhi. Ni akina mama wa huku Rungwe, wengi wameacha ndizi, viazi na parachichi shambani, na kila mara kuna wawili watatu ambao nikiwafunua kope nakuta peupe kama karatasi, dalili ya kupungukiwa damu. Nikiwauliza wamefanya nini, jibu ni lile lile: "Nilikuwa nakula mchicha kwanza, nesi." Haya maswali ni yao.

Kati ya mchicha na kabichi, ipi ina lishe zaidi?

Mchicha, tena kwa mbali. Gramu 100 za mchicha mbichi zina takriban miligramu 2.3 za madini ya chuma. Kabichi ina nusu miligramu tu. Kalisiamu, mchicha una kama miligramu 215, kabichi 40. Folati, ile inayosaidia kutengeneza damu na kumkinga mtoto aliye tumboni, kwenye mchicha ni karibu mara mbili ya kabichi. Vitamini A ndiyo aibu tupu: mchicha mikrogramu 146, kabichi 5. Ukikata kabichi katikati, huo weupe unaouona ndio jibu lenyewe.

Basi kabichi haina maana?

Sijasema hivyo. Kwenye vitamini C hawaachani sana, kabichi miligramu 37, mchicha 43, na kabichi haikunyaukii begani ukitoka nayo soko la Uyole. Kichwa kimoja kinalisha nyumba siku tatu, na kwa mwenye watoto watano hilo si jambo dogo. Ninachokataa ni nyumba inayokula ugali na kabichi Januari mpaka Desemba, huku majani ya maboga yanaozea shambani na mnavu unang'olewa kama magugu. Halafu yale majani ya kijani ya nje ya kabichi, yenye lishe kuliko ya ndani, anapewa nguruwe. Nguruwe wetu wana afya nzuri sana.

Nimepimwa, damu yangu ni 8 (gramu kwa desilita). Nikila mchicha mwingi itapanda?

Hapana. Mchicha hautibu upungufu wa damu.

Narudia maana najua wengine mmeruka mstari: hautibu. Mchicha unasaidia mtu mwenye damu ya kutosha asiishiwe. Ukishaishiwa, huwezi kuirudisha kwa mafungu ya mboga. Piga hesabu nami. Mjamzito anahitaji kama miligramu 27 za madini ya chuma kwa siku. Kwa mchicha peke yake ungekula zaidi ya kilo moja kila siku, na bado mwili unachukua sehemu ndogo tu ya chuma cha mboga, mara nyingi chini ya moja ya kumi, kwa sababu mchicha wenyewe una vitu vinavyokishikilia chuma kisipite. Vidonge vya fefo (madini ya chuma na folati) tunavyokupa kliniki ndivyo vimetengenezwa kwa kazi hiyo.

Tena upungufu wa damu si chakula peke yake. Malaria inakula damu. Minyoo ya safura inanyonya damu. Mimba zinazofuatana zinamaliza akiba. Sasa mchicha utaua minyoo? Utatibu malaria? Unapimwa ili ijulikane ni nini kinachoimaliza damu yako, na kujipikia mboga wiki tatu ni kuipa hiyo sababu wiki tatu za bure.

Lakini jirani yangu alikunywa rozela, na mwingine soda na nyanya ya kopo, damu ikapanda.

Hapana, hapana na hapana. Rangi nyekundu si damu. Rozela ni nyekundu, bitiruti ni nyekundu, na mlango wa duka la jirani nao ni mwekundu. Bitiruti na rozela kunywa ukipenda, hazina ugomvi, lakini soda ni sukari. Huyo jirani mwulize vizuri kama hakuwa anameza fefo kimyakimya. Mara nyingi alikuwa anameza, ila sifa ikaenda kwa soda.

Mama mmoja alikuja na mimba ya miezi minane, anapumua kwa shida, ameshikwa mkono na wifi yake. Damu ilikuwa 5. Nyumbani walikuwa wamemnywesha soda na nyanya kwa mwezi mzima, kwa upendo kabisa. Tulimpeleka hospitali kwa gari akaongezewa damu, akapona. Wifi yake aliniuliza kama waendelee na ile soda.

Nitajuaje kuwa nimepungukiwa damu?

Kwa kipimo. Kwa mjamzito, chini ya 11 ni upungufu, chini ya 7 ni hatari. Dalili zinazonifanya nikuharakishe: viganja na ndani ya kope kuwa vyeupe, kuchoka ukipanda kilima ulichokuwa unapanda kila siku, kizunguzungu, moyo kwenda mbio. Na hamu ya kula udongo. Wengi wenu mnaona ni mambo ya mimba tu, lakini mara nyingi ni mwili unaolalamikia upungufu, na huo udongo unazuia zaidi hicho chuma kidogo ulichokula. Acheni udongo.

Fefo zinanichafua tumbo, na mama mkwe anasema zinakuza mtoto nitashindwa kujifungua.

Mama mkwe tunamheshimu, lakini hapa amekosea. Fefo hazimfanyi mtoto awe jitu. Mama aliyeishiwa damu ndiye anayejifungua kabla ya wakati au mtoto mwenye uzito mdogo, na akitokwa damu kuzidi kawaida hata kidogo wakati wa kujifungua, hana akiba. Kichefuchefu kikikusumbua, meza usiku baada ya chakula. Choo kuwa cheusi ni kawaida. Kikiwa kigumu, kunywa maji, kula papai. Ukishindwa kabisa, rudi tuzungumze. Usizifiche kabatini kisha ukaniambia umemaliza. Na zikae mahali mtoto hafiki, kwa sababu mtoto mdogo akizimeza nyingi zinaweza kumuua.

Mchicha upikweje usipoteze faida?

Hapa naomba mnisamehe, nitasema kwa uchungu. Mnakata mboga vipande vidogo, ndipo mnaosha. Kisha mnachemsha mpaka inakuwa rangi ya sare za mgambo, mnatia magadi ilainike, mnamwaga maji. Vitamini C na folati vimeenda na hayo maji, na magadi yameua kilichobaki. Kilichofika mezani ni jina la mchicha.

Osha kwanza, ndipo ukate. Kaanga kitunguu na nyanya (nyanya za Ilula zinapita hapa kila siku, tena kwa bei ya kuongea), tia mchicha, funika, dakika tano epua. Magadi weka mbali. Mafuta kidogo ni lazima, vitamini A haiingii mwilini vizuri bila mafuta. Kama mafuta ya alizeti yameisha, kula na parachichi. Kamulia limau mboga ikishaiva, maana vitamini C ndiyo inayokifungulia mlango chuma cha majani. Hapa hata kabichi inapata kazi: ikate mbichi, ioshe kwa maji safi, itie kwenye kachumbari pembeni ya mchicha na maharage.

Na chai. Najua tunakaa katikati ya mashamba ya chai, na wenzetu wa Mufindi vilevile, kwa hiyo nasema taratibu: kikombe cha chai pamoja na chakula kinaweza kupunguza zaidi ya nusu ya chuma ambacho mwili ungechukua kwenye mboga hiyo. Subiri saa moja au mbili. Fefo nazo usizimeze kwa chai, meza kwa maji.

Mtoto wa mwaka mmoja nimpe mchuzi wa kabichi?

Mpe mboga, usimpe maji yake. Ugali uliolowekwa kwenye mchuzi wa kabichi unamjaza tumbo tu. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta watoto waliodumaa chini ya miaka mitano ni karibu 57 kati ya 100 Iringa, na 50 Njombe, wakati taifa zima ni 30. Hiyo ni mikoa inayouza mahindi na viazi nchi nzima! Ponda mchicha uchanganye na maharage, ongeza dagaa waliosagwa au yai, na usiliuze lote parachichi, mbakizie lake.

Kabichi inaleta goita?

Kabichi ya kawaida iliyopikwa, hapana. Goita ya huku milimani ilitokana na upungufu wa madini joto. Nunua chumvi yenye madini joto, kula kabichi yako.

Tarehe yangu ya kliniki ni wiki mbili zijazo, nami napata kizunguzungu. Nisubiri huku nakula mchicha?

Usisubiri. Tarehe kwenye kadi haikuzuii kuja leo. Kama unapumua kwa shida ukiwa umekaa, umezimia, au unatokwa damu, usije hata kwangu. Nenda moja kwa moja hospitali ya wilaya, usiku au mchana, na kadi yako mkononi. Mwambie mumeo atangulize ndugu wawili wenye afya wanaoweza kuchangia damu, wasije mikono mitupu wala na chupa ya rozela.