Je, wajua kwa nini mkaa wa kifuu cha nazi huondoa rangi kwenye maji ya kiwandani?

Simama juu ya Mto Ngong, pale unapopita kati ya Eneo la Viwanda la Nairobi na vijiji vya Mukuru, uyatazame maji. Tope na mifuko ya plastiki utaviona mara moja. Lakini uchafu ulio mgumu zaidi kuutoa ni ule ulioyeyuka. Chukua maji yaliyotoka kutiwa nguo rangi, uyachuje kwa kitambaa hata mara kumi: rangi itapita. Yaache yatulie usiku kucha: asubuhi rangi ipo palepale. Chembe zake ni ndogo mno kunaswa na chujio, tena rangi nyingi za vitambaa zimetengenezwa makusudi zisichujuke, kwa hiyo hata bakteria wa kwenye madimbwi ya majitaka hushindwa kuzimaliza.

Mkaa unaweza. Jambo hili si geni: mwaka 1785, mkemia Tobias Lowitz, aliyefanya kazi Urusi, aliona kwamba mkaa huondoa rangi kwenye vimiminika. Nasi huku nyumbani huweka kipande cha mkaa ndani ya friji kiondoe harufu ya samaki.

Wengi husema mkaa "hunyonya" uchafu. Hapana, haunyonyi kama sifongo. Ukikatiza kwenye kichaka cha kishona nguo, zile mbegu haziingii ndani ya uzi wa suruali. Hung'ang'ania juu yake. Ndivyo chembe za rangi zinavyong'ang'ania kwenye kuta za vitundu vya mkaa. Basi kazi yote inategemea kuta hizo zina ukubwa gani.

Hapo ndipo mkaa wa jikoni unaposhindwa, kwa kuwa vitundu vyake ni vichache na vingi vimezibwa na lami. Ili uwe mkaa amilifu, yaani mkaa uliofunguliwa vitundu vingi vya kunasa uchafu, unahitaji hatua mbili. Kwanza, vifuu huchomwa bila hewa ya kutosha, kwenye joto la nyuzi 400 hadi 700 hivi, kama wachoma mkaa wanavyofukia tanuri kwa udongo. Kisha hupitishiwa mvuke wa maji kwenye nyuzi 800 hadi 1,000. Mvuke wa moto namna hiyo huila kaboni kutoka ndani na kuacha vijia visivyohesabika. Njia nyingine ni kuloweka malighafi kwenye asidi ya fosforiki kabla ya kuichoma, na hiyo huhitaji joto dogo zaidi. Gramu moja ya mkaa uliopikwa vizuri ina kuta zenye eneo la mita za mraba 1,000 hivi. Uwanja wa mpira ni kama mita za mraba 7,000. Gramu saba, yaani kijiko kimoja cha mezani, zinautosha.

Kifuu hupendwa kwa sababu ni kigumu, kina majivu machache, na punje zake hazisagiki maji yanapopita kwenye tangi. Ganda la makadamia lina sifa hizohizo, nalo hubaki kwa wingi kwa wabanguaji wa Murang'a na Thika, mwendo mfupi kutoka jijini. Ila nazi si jibu la kila uchafu. Vitundu vyake ni vyembamba sana, vinafaa chembe ndogo kama za viyeyushi, yaani vimiminika vya kuyeyushia vitu vingine. Chembe kubwa za baadhi ya rangi hukwama mlangoni. Kwa hizo, mkaa wa mbao uliopitia asidi, wenye vitundu vipana, mara nyingi hufanya vizuri zaidi. Chumvi ya kawaida nayo hupita kwenye mkaa wote huu bila kuzuiliwa.

Kiwanda pia hakiwezi kumwaga majitaka moja kwa moja juu ya mkaa. Mafuta na tope vingeziba vijia kwa muda mfupi. Kwanza maji hutulizwa, mafuta huenguliwa, bakteria hula wanachoweza, ndipo mkaa humalizia kilichobaki. Nasisitiza hili kwa sababu nimewasikia watu wakiuzungumzia mkaa kana kwamba unatosha peke yake.

Na mkaa hushiba. Kuta zikijaa, maji huanza kutoka na rangi kama yalivyoingia. Unaweza kurudishwa tanuruni ukachomwa tena ili utumike upya, ingawa kila safari sehemu yake hupotea. Kazi hiyo ina gharama, na kuna kishawishi cha kuutupa tu. Lakini uchafu umehama tu kutoka majini kwenda kwenye mkaa. Jaa la Dandora liko kando ya Mto Nairobi, na Mto Ngong hatimaye hukutana na mto huohuo mashariki mwa jiji. Mkaa ulioshiba ukimwagwa hapo, mvua ikaukosha, sehemu ya ile rangi iliyozuiwa kiwandani itaingia mtoni kwa mlango mwingine.