Ardhi kuvutwa na kupasuka: kwanini madini ya maji moto yanakaa kwenye ufa

Madini ya maji moto ni yale ambayo hayakuzaliwa pale unapoyakuta, yameletwa na maji. Maji yalikuwa chini huko kilomita kadhaa, yakapata joto, yakayeyusha kidogokidogo dhahabu, shaba, zinki au risasi iliyotawanyika kwenye miamba, yakapanda nayo, yakafika mahali yakashindwa kuibeba yakaiacha. Pale yalipoiacha ndo watu tunachimba duara, yaani shimo la mchimbaji. Sasa kwanini yalipita hapa na sio mita mia mbili pembeni, jibu mara nyingi lipo kwenye namna ardhi ilivyovutwa ikapasuka.

Ganda la dunia likivutwa pande mbili linakonda. Juu ni baridi na gumu kwahiyo linakatika, upande mmoja unashuka mwingine unabaki juu, huo ndo ufa, na nyufa zikiwa nyingi unapata bonde. Chini zaidi miamba ni ya moto, haikatiki, inanyumbuka tu. Na ganda likishakonda joto la chini linasogea juu. Kawaida ukishuka kilomita moja joto linaongezeka kama digrii 25 hadi 30, ila sehemu iliyovutwa sana linaweza kuongezeka maradufu au zaidi, na mara nyingine magma, yaani mwamba ulioyeyuka, nayo inapenya inakuja kukaa karibu kabisa. Yaani kuvutwa kunaleta joto na njia ya kupita kwa wakati mmoja, maji ya mvua au ya bahari yanazama kupitia nyufa, yanapata joto huko, yanarudi juu kupitia nyufa zingine.

Kuna kitu cha tatu ambacho naona hakisemwi vya kutosha, nacho ni chumvi. Maji matupu hayawezi kubeba zinki au risasi ya maana, maji ya chumvi kali ndo yanabeba. Na mabonde ya kuvutwa yanatengeneza chumvi yenyewe, maana bonde likishuka bahari inaingia, inakauka, inaingia tena, inaacha chumvi na jasi. Hapa kwetu Lindi ushahidi upo: jasi inayochimbwa Kilwa, na chumvi nene iliyozikwa chini kwenye bonde la Mandawa, vyote ni vya wakati Gondwana, lile bara kubwa la zamani, inaanza kuchanika, kabla Madagaska haijaachana na Afrika, zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita. Simaanishi kwamba Mandawa kuna zinki, nasema ukiona chumvi ya zamani kwenye bonde lenye nyufa ujue kiungo kimoja kikubwa kipo.

Ukitaka kuona kitu hiki kikitokea leo nenda Bahari ya Shamu, ambako Afrika na Arabuni zinaachana. Katikati, kina cha kama mita 2,000, kuna shimo linaitwa Atlantis II, lilijulikana miaka ya 1960, limejaa maji ya chumvi ya moto zaidi ya digrii 60, na matope ya chini yana zinki, shaba, fedha na dhahabu. Chumvi ile imetoka kwenye matabaka ya zamani pembeni, joto limetoka chini ambako ganda limekonda, njia ni nyufa.

Tukirudi kwenye ufa wenyewe. Watu wanadhani ufa ni uwazi tu, kumbe muda mwingi umeziba. Katikati yake miamba imesagika mpaka imekuwa udongo mlaini unaozuia maji, na kwatzi, lile jiwe gumu jeupe, inaziba pembeni. Chini presha inapanda, inapanda, mpaka ufa unateleza, tetemeko linapita, njia inafunguka ghafla na presha inashuka. Aliyewahi kufungua kidumu cha uraka, pombe ya mabibo, kilichokaa juani anajua kinachofuata. Maji ya moto nayo yanachemka palepale, gesi ya salfa iliyokuwa inaishikilia dhahabu inatoroka, dhahabu inabaki haina wa kuibeba, inaganda pamoja na kwatzi. Ufa unaziba tena, presha inaanza upya, na hii inajirudia mara nyingi sana. Na kuvutwa bado kunaendelea hata pwani yetu, lile tetemeko la tarehe 12 Agosti 2020 lililotikisa Dar lilianzia baharini.

Ndo maana jiwe zuri ukilishika mkononi lina mistari, mstari mweupe, mstari wa kijivu, mweupe tena, na ndani vipande vya mwamba vilivyovunjika vikagandishwa upya, na vishimo vidogo vyenye kutu ambako kulikuwa na madini ya chuma na salfa yakaoza. Jiwe jeupe tupu, safi, halina mstari wala kutu, mimi siliwekei matumaini makubwa, maji yalipita ila huenda ni mara moja tu.

Lakini tusiweke kila kitu kwenye kapu hili. Grafaiti ya Ruangwa haikuletwa na maji moto, ni mabaki ya viumbe kwenye matope ya zamani yaliyobanwa na kupikwa milima ilipokuwa inajengwa. Nikeli ya Ntaka kule Nachingwea ilitokana na magma yenyewe. Na iko mishipa mingi tu ya dhahabu duniani, yaani nyufa zilizojazwa kwatzi na madini, iliyoingia wakati ardhi inabanwa, sio kuvutwa, kwahiyo mshipa peke yake hautoshi kukwambia historia.

Kwa anayechimba, kitu cha kushika ni umbo la ufa. Ufa ukinyooka unabana, ukipinda au ukikutana na mwingine unaacha nafasi, na nafasi ndo inajaa, kwahiyo chukua dira, pima uelekeo wa mshipa kila baada ya mita chache, chora kwenye daftari. Na ukikuta mshipa umekatika ghafla ukutani usihame kwanza, inawezekana ufa mwingine wa baadaye umeusogeza, safisha ule ukuta kwa maji utafute mikwaruzo iliyonyooka, hiyo inaonyesha mstari ambao mwamba uliteleza, halafu fuata mstari huo pande zote mbili kabla hujaamua kuchimba wapi.