Bakteria mmoja, sumu si moja: dhana potofu kuhusu maradhi ya tumbo

Dhana: Ukishakutwa na bakteria aitwaye H. pylori, vidonda vya tumbo huvikwepi.

Ukweli: Karibu nusu ya watu duniani wamekuwa na bakteria huyu tumboni, na wengi wao hawaumwi chochote. Katika kila watu 100 walioambukizwa, wanaopata vidonda ni kama 10 hadi 20. Saratani ya tumbo huwapata 1 hadi 3. Sigara na dawa za maumivu zina mchango wao, lakini bakteria wenyewe nao hawalingani kwa ukali.

Dhana: Jeni ya sumu ikiwepo, madhara ni yaleyale.

Ukweli: Hapa ndipo penye utamu wa habari yenyewe. Karibu H. pylori wote wana jeni ya sumu iitwayo VacA, ila haikuandikwa sawa kwa wote. Mwanzo wa sumu hiyo huja kwa sura mbili, s1 na s2. Ile ya s2 imeongezewa mbele kipande cha asidi amino (vijenzi vya protini) 12 tu, nacho kinatosha kuizuia isitoboe utando wa seli. Ya s1 haina kizuizi hicho: hujipenyeza, ikatoboa, na seli zikajaa viputo. Sehemu ya kati, m1 au m2, huchangia kuamua ni seli zipi zitakazoshikwa. Wenye vidonda au saratani hukutwa zaidi na mchanganyiko wa s1 na m1.

Kisha kuna CagA, protini ambayo baadhi ya bakteria hawa hawana kabisa. Wenye nayo huidunga ndani ya seli za ukuta wa tumbo kwa kifaa kilicho kama sindano, nayo huvuruga ishara zinazoongoza ukuaji wa seli. CagA ya Asia ya Mashariki hung'ang'ania protini ya seli iitwayo SHP2 kuliko ile ya nchi za Magharibi, na hiyo ni mojawapo ya sababu zinazotajwa saratani ya tumbo inapoonekana kwa wingi Japani na Korea.

Dhana: Kipimo kimeshaonyesha nina aina gani.

Ukweli: Hapana. Kipimo cha pumzi au cha choo husema yupo au hayupo, basi.

Dhana: Bakteria wa E. coli wote ni wabaya.

Ukweli: Wengi huishi utumboni bila kumdhuru mtu. Wachache hubeba sumu ya Shiga, ambayo jeni yake waliletewa na virusi vinavyoshambulia bakteria. Sumu hiyo ni ya aina mbili, Stx1 na Stx2, na inayoogopwa zaidi kwa kuharibu figo ni Stx2. Mwaka 2011 nchini Ujerumani, E. coli wa kundi O104:H4 aliyekwisha kupata jeni ya Stx2 aliwaugusha watu zaidi ya 3,800 kupitia mbegu zilizochipuzwa. Zaidi ya 50 walifariki.

Dhana: Ukihara damu, wahi antibiotiki.

Ukweli: Kama chanzo ni E. coli mwenye sumu ya Shiga, baadhi ya antibiotiki huviamsha virusi vile vilivyojificha ndani yake, na sumu ikazidi kumwagika. Kama ni Shigella, bakteria mwingine anayeharisha damu, mara nyingi antibiotiki ndiyo tiba. Kwa kutazama choo tu huwezi kuwatofautisha. Wahi hospitali, choo kipimwe kabla ya kumeza dawa.