Maana ya "mshiriki wa kudumu" katika Baraza la Aktiki

Ukifuatilia habari za Ncha ya Kaskazini utakutana na jina hili: mshiriki wa kudumu. Wengi hudhani ni nchi kubwa yenye kura ya turufu, kama zile tano za Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa. Sivyo. Mshiriki wa kudumu si nchi kabisa. Ni jumuiya ya wenyeji asilia wa Aktiki, eneo la baridi linalozunguka Ncha ya Kaskazini, iliyopewa kiti pamoja na mawaziri wa mataifa, ikajisemea yenyewe bila kusemewa na serikali.

Baraza la Aktiki liliundwa Ottawa, Kanada, Septemba 1996. Nchi wanachama ni nane: Kanada, Denmark (kwa ajili ya Greenland na visiwa vya Faroe), Finland, Iceland, Norway, Urusi, Sweden na Marekani. Washiriki wa kudumu ni sita. Wainuit wa Greenland, Kanada, Alaska na Chukotka ya Urusi wana jumuiya moja. Wasami, ambao ardhi yao imekatwa na mipaka ya Norway, Sweden, Finland na Urusi, wana yao. Waaleut, Waathabaska na Wagwich'in vilevile, na ya sita, RAIPON, inakusanya jamii nyingi ndogo za Urusi.

Uamuzi hupitishwa kwa maafikiano ya zile nchi nane. Washiriki wa kudumu hawapigi kura, ila ni lazima washauriwe kikamilifu kabla jambo halijapita. China, India na Japani, zilizoingia mwaka 2013, ni waangalizi tu, na kazi yao ya kwanza ni kusikiliza. Yaani Wagwich'in, watu elfu chache wa Alaska na kaskazini ya Kanada, wana nafasi ambayo China haina. Hili si dogo, hasa sasa ambapo Aktiki imepata joto karibu mara 4 ya wastani wa dunia tangu 1979, barafu ya bahari inarudi nyuma, na kila mwenye meli au kampuni ya madini anatazama huko.

Lakini soma tanbihi za azimio la Ottawa, lile lililoliunda Baraza. Ziko mbili, na zote zinauma. Moja inasema Baraza lisishughulikie masuala ya usalama wa kijeshi. Nyingine inasema kwamba kuwaita wenyeji "watu" wenye utambulisho wao kusichukuliwe kuwa kunawapa haki zinazoambatana na neno hilo katika sheria ya kimataifa. Wamekaribishwa ndani, huku mlango wa haki ukiachwa umerudishwa.

Tanbihi ya kijeshi haikuzuia vita kuingia. Machi 2022, baada ya Urusi kuivamia Ukraine, nchi saba zilisitisha kushiriki vikao, na Urusi ndiyo iliyokuwa mwenyekiti. Waliofunga ni serikali. Waliokatika ni ndugu wa pande mbili za mpaka. Baraza la Wasami nalo lilisitisha uhusiano rasmi na wanachama wake wa upande wa Urusi.

Basi kiti kisicho na kura kina faida gani? Jibu lililo wazi kuliko yote naliona Nairobi.

Miaka ya 1980 watafiti walipima maziwa ya akina mama wa Kiinuit wa Nunavik, kaskazini ya Quebec. Walitegemea kupata maziwa safi ya kulinganisha na ya mijini. Wakakuta kemikali za viwandani ziitwazo PCB karibu mara 5 kuliko kwa akina mama wa kusini ya jimbo hilohilo. Sumu hizo husafiri kwa upepo na maji hadi kwenye baridi, zikajikusanya katika mafuta ya samaki, sili na nyangumi, yaani chakula chenyewe cha Wainuit. Hakuna kiwanda kwao. Wataalamu wanaofanya kazi chini ya Baraza walikusanya vipimo vya namna hiyo kutoka Aktiki nzima na kuvichapisha.

Januari 1999, mazungumzo ya kupiga marufuku kemikali hizo yalifanyika Nairobi, makao makuu ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Sheila Watt-Cloutier wa jumuiya ya Wainuit alikabidhi kinyago cha mawe cha mama na mtoto, na mwenyekiti wa mazungumzo, John Buccini, akawa anakiweka mezani pake kikao baada ya kikao. Ugumu ulikuwa DDT, iliyomo katika orodha ya sumu na wakati huohuo ikinyunyiziwa majumbani kuua mbu wa malaria. Wainuit wangeweza kudai ifutwe kabisa. Walikataa kujilinda kwa gharama ya mama mwingine aliye kwenye nchi za joto, anayeuguza mtoto wa malaria.

Mazungumzo hayo yalizaa Mkataba wa Stockholm, uliotiwa saini Mei 2001. DDT iliruhusiwa kwa udhibiti wa wadudu waenezao magonjwa, na utangulizi wa mkataba unataja kwa jina mazingira ya Aktiki na jamii zake za asili, kwamba kuchafuliwa kwa chakula chao cha jadi ni suala la afya ya umma.