Je, wajua? Moteri ya boti hujaa masizi zaidi ikienda polepole

Kwa miaka kadhaa niliendesha boti ndogo kutoka Himbi, hapa Goma, hadi Nzulo, kwa mwendo wa mtu aliyebeba mayai. Nilijisifu kwa hilo. Anayefungua gesi yote, niliamini, ndiye anayeichoma moteri yake. Siku nguvu zilipopungua, fundi alifungua kichwa cha silinda, nami nikaona pistoni nyeusi kama chini ya sufuria ya maharage. Akajaribu kusukuma segma, ile pete ya chuma inayoizunguka pistoni (wengine huiita ringi), kwa ukucha. Haikucheza.

“Papa, unaitembezaka pole pole sana,” akasema. “Hii iko inakufa na baridi.”

Nilidhani ananitania. Kitu cheusi si kimeungua? Lakini tazama mbabula jioni. Makaa yakiwa mabichi na moto haujashika, moshi unajaa na sufuria inapakwa masizi. Makaa yakishaiva, mekundu mpaka ndani, masizi hayaongezeki. Weusi ni dalili ya moto ulioshindwa kumaliza kazi, wala si ya moto uliozidi. Ndani ya silinda ni vilevile: ukienda polepole joto ni dogo, oili na sehemu nzito ya esansi haziungui zote, zinabaki juu ya pistoni, zinakauka kama gundi, kisha zinageuka kaboni ngumu. Moteri ikifanya kazi kwa nguvu, joto huunguza sehemu ya uchafu huo na kuutoa na moshi.

Kosa langu la pili lilikuwa baya zaidi: nilitaka kupunguza oili. Moteri nyingi za mizunguko miwili, kama yangu, ambazo oili yake huchanganywa na esansi, huhitaji lita 1 ya oili kwa lita 50 za esansi. Ukiibania, pistoni inakwama na hapo umenunua msiba. Kinachostahili kubadilishwa ni aina ya oili. Ile yenye alama TC-W3 imetengenezwa kwa moteri zinazopozwa kwa maji na haiachi majivu ya madini. Oili ya pikipiki au ya msumeno wa miti imekusudiwa joto kubwa zaidi, na baadhi yake huacha majivu.

Kivu nayo inachangia. Moteri hunyonya maji ya ziwa moja kwa moja ili kujipoza, kwa hiyo ikienda polepole haipati joto la kutosha. Tena ziwa liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, ambako shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 16. Kabureta, kile kifaa kinachochanganya esansi na hewa, ikiwa imepimwa kwa ajili ya pwani, inatoa esansi nyingi kuliko hewa inayoweza kuiunguza. Ndiyo maana huku juu mafundi huweka jigleri ndogo, kile kitundu cha shaba kinachopima esansi. (Na hapana, si gesi ya ziwa, ingawa mimi niliwahi kuisingizia. Metani ya Kivu imeyeyuka chini kabisa kwenye maji, mbali na boti yangu.)

Kwa nini segma isiyocheza ni hatari? Fikiria dirisha la kusukuma la taksibasi. Vumbi la lava likijaa kwenye reli yake, kioo bado kizima lakini hakiendi. Segma nayo inakaa kwenye mfereji, na lazima itanuke kidogo ili ibane ukuta wa silinda. Kaboni ikijaa nyuma yake, inaganda ndani ya mfereji. Dirisha lililokwama linapitisha mvua. Segma iliyokwama inapitisha gesi ya moto ubavuni mwa pistoni, inaunguza utando wa oili, na chuma kinaanza kukwaruza chuma.

Kuiondoa kaboni kuna njia mbili. Ya kwanza ni dawa ya kupuliza kwenye kabureta moteri ikiwa inawaka; unaizima, unaiacha dawa ilowe kwa saa kadhaa, kisha unaiwasha tena. Propela na mlango wa maji viwe ziwani muda wote, kwa kuwa pampu ya mpira ikikaushwa inaharibika upesi sana. Moshi utakaotoka utawaita majirani. Halafu badilisha buji, zile plagi za cheche, zitakuwa zimechafuka. Kuhusu dawa za kuchanganya na esansi, nizisifu kwa kiasi: zinajulikana kusafisha injekta na vali, ila kwa mifereji ya segma ushuhuda mwingi ni wa mafundi na wa wanaoziuza.

Moteri yangu ilikuwa imepita hatua hiyo, ikabaki njia ya pili: kukwangua. Fundi alivunja segma ya zamani, akashika kipande chake kama kisu na kukwangua mfereji nacho, maana kinaingia humo sawasawa. Kichwa cha aluminiamu alikikwangua kwa kijiti, kisipate mikwaruzo. Kaboni ilianguka kwenye gazeti kwa magamba, kama ukoko wa wali.

Siku hizi nikirudi kutoka Nzulo nafungua gesi kwa dakika chache, moteri ikishapata joto. Wavuvi wa sambaza, ambao nilikuwa nawapungia mkono kwa raha zangu, sasa nawapita mbio na wanadhani nimegombana na mtu nyumbani.