Gesi ya Kucheka, Vitamini B12 na Homosisteini katika Damu

Nitrasi oksaidi, ambayo wengi huiita gesi ya kucheka, haina rangi wala haichomi pua. Huchanganywa na oksijeni ili kuongezea nguvu dawa nyingine za usingizi, na ikichanganywa nusu kwa nusu huvutwa na mama mwenye uchungu wa kuzaa. Mgonjwa akiacha kuivuta, karibu yote hutoka kwa pumzi ndani ya dakika chache. Athari yake katika damu haitoki nayo.

Katikati ya vitamini B12 pana chembe ya madini ya kobalti. Gesi hii huishambulia kobalti kama hewa ya pwani inavyokula bati la paa, na ikishaliwa hairudi kuwa kama ilivyokuwa. Kimeng'enya kinachoitwa methionini sinthesi hakifanyi kazi bila B12 iliyo nzima. Kazi yake ni kuichukua homosisteini, ambayo ni asidi amino, na kuigeuza kuwa nyingine, methionini, inayohitajika na kila seli. Kwa mtu anayevuta gesi ya asilimia 70, nusu ya nguvu ya kimeng'enya hicho kwenye ini hupotea kwa takriban dakika 46. Mwili hauna njia ya kukitengeneza kilichoharibika. Hutengeneza kipya, na hilo huchukua siku kadhaa.

Ndiyo maana homosisteini hupanda. Kawaida yake kwa mtu mzima ni kati ya mikromoli 5 na 15 kwa lita, na baada ya upasuaji wa saa nyingi huweza kupita hapo kwa siku kadhaa. Methionini nayo hukosa chanzo kimoja, ila kushuka kwake ni vigumu kukuona, kwani chakula na misuli huendelea kuiingiza kwenye damu, na ini lina njia ya pili ya kuitengeneza isiyotegemea B12.

Je, kupanda huko kunadhuru moyo? Hofu hiyo ilikuwepo kwa miaka mingi. Utafiti mkubwa uliochapishwa 2014, wa wagonjwa zaidi ya 7,000 wenye maradhi ya moyo au walio hatarini kuyapata, haukuona ongezeko la vifo wala matatizo ya moyo kwa waliopewa gesi hii. Hatari halisi ni muda mrefu wa kuvuta, au akiba ndogo ya B12. Mwaka 1956, madaktari wa Denmark waliripoti kuwa wagonjwa wa pepopunda waliolazwa usingizi kwa gesi hii siku kadhaa mfululizo uboho wao uliacha kutengeneza chembe za damu.

Kwa hiyo kabla ya upasuaji mwambie dokta wa usingizi kama huli samaki, nyama, mayai wala maziwa. Mchicha, kisamvu na kunde vina foleti (vitamini B9) nyingi, lakini B12 havina. Anayekula pweza na dagaa kila wiki huwa na akiba nzuri, ilimradi tumbo lake linaifyonza. Mtajie pia metformini ya kisukari na omeprazoli ya vidonda vya tumbo ulizotumia kwa miaka, na kama uliwahi kukatwa sehemu ya tumbo. Mwenye selimundu anayemeza foliki asidi, yaani foleti ya kidonge, aseme pia: kidonge hicho huweza kuificha anemia ya upungufu wa B12 huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika. Mwenye akiba ndogo ya B12 anaweza kupewa usingizi bila gesi hii. Halotheni, isoflureni na ketamini haziigusi B12.

Ukianza kuhisi ganzi ya miguuni, au kuyumba unapotembea gizani, siku au wiki chache baada ya upasuaji, rudi hospitali na useme ulivuta gesi gani. Usiridhike na kipimo cha B12 pekee: vitamini iliyoharibika huhesabiwa pamoja na iliyo nzima, na jibu linaweza kuonesha kawaida. Homosisteini na asidi ya methilmaloniki, ambayo nayo hupanda B12 isipofanya kazi, ndizo zinazofichua. Matibabu ni sindano za haidroksokobalamini, ambayo ni aina ya B12, kwa kawaida miligramu 1 kila moja, na huanza bila kusubiri majibu yote. Foliki asidi peke yake isitangulie.

Kwa wenzetu wa maabara: damu ya homosisteini iwekwe kwenye barafu papo hapo na plazima itenganishwe ndani ya saa 1. Chembe nyekundu huendelea kuimwaga homosisteini ndani ya chupa, takriban asilimia 10 kila saa katika joto la chumba. Sampuli iliyopanda gari kutoka Micheweni hadi Chake Chake, kisiwani Pemba, bila barafu itasoma juu hata kama mgonjwa hajawahi kuvuta gesi yoyote.